Ukiambiwa "elezea data hizi", uanze na nini?

Msomaji mmoja anayesoma kozi ya kwanza ya takwimu ameniandikia hivi: "Najua kukokotoa wastani, mediani na mkengeuko sanifu. Najua kuchora histogramu na mchoro wa kisanduku. Lakini swali likisema 'wasilisha na uelezee data hizi', napata nusu ya alama, na mwalimu anaandika pembeni: 'hujaelezea'. Nifanye nini zaidi? Nitajuaje mchoro upi unafaa? Na je, nichore kwa mkono au nitumie programu?"

Ndugu, hesabu unazijua, na hilo si jambo dogo. Kinachokukosesha alama ni kwamba unamkabidhi mwalimu namba tano zilizopangwa mstari, kisha unamwachia yeye kazi ya kuzisoma. Kuelezea data ni kumwambia mtu ambaye hajaziona jinsi zilivyokaa: nyingi zimejazana wapi, zimesambaa kiasi gani, mkia umevutika upande upi, na kama ipo iliyojitenga na wenzake. Mtu huyo akishakusikia, aweze kuchukua kalamu na kuchora umbo la data hizo bila kukosea sana. Ndicho kipimo ninachokitumia ninaposahihisha, na nakushauri nawe ukitumie kabla ya kukabidhi karatasi.

Kwa hiyo mchoro hutangulia namba. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: hukimbilia kikokotoo, wakishapata wastani na mkengeuko sanifu ndipo wanachora grafu kama pambo la mwisho. Ukienda hivyo, utakuwa umeshachagua namba za kuripoti kabla ya kujua kama namba hizo zinazifaa data zako.

Ila hata kabla ya mchoro kuna swali moja: ni nani au nini kimepimwa, na kilichopimwa ni cha aina gani? Kama ni kundi tu, mfano aina ya damu au lugha ya kwanza ya mtu, unachoweza kufanya ni kuhesabu wangapi wako katika kila kundi. Kama ni kiasi, mfano urefu, muda au uzito, hapo wastani una maana. Usidanganywe na tarakimu. Namba ya jezi ya mchezaji imeandikwa kwa tarakimu lakini kazi yake ni ya jina. Ukiiomba programu ikupe wastani wa namba za jezi itakupa bila kusita, na jibu hilo halitasema lolote kuhusu timu. Aina ya data ndiyo inayoamua mchoro. Makundi huenda kwenye chati ya pau. Viasi huenda kwenye histogramu, kwenye mchoro wa shina na majani, au kwenye kisanduku. Katikati yake kuna madaraja kama "siridhiki, naridhika kiasi, naridhika sana": yana mpangilio, lakini umbali wa daraja moja hadi jingine haujulikani. Hayo yaweke kwenye pau kwa mpangilio wake, na ukitakiwa kutaja katikati, taja mediani.

Sasa tuingie kazini. Hizi ni data ndogo nilizozitunga kwa ajili ya jibu hili: dakika ambazo wanafunzi 15 walitumia kumaliza zoezi moja.

12, 14, 15, 15, 17, 18, 19, 20, 21, 22, 24, 27, 31, 38, 67

Data chache namna hii usizikimbize kwenye histogramu. Tumia shina na majani, mchoro alioueneza mwanatakwimu wa Marekani John Tukey katika miaka ya 1970. Makumi yanasimama kushoto kama shina, mamoja yanapangwa kulia kama majani:

1 | 2 4 5 5 7 8 9
2 | 0 1 2 4 7
3 | 1 8
4 |
5 |
6 | 7

Utazame kabla ya kuandika chochote. Wengi wamejazana kati ya dakika 12 na 27. Kutoka hapo data zinapungua polepole kuelekea thamani kubwa, kisha kuna pengo la karibu dakika 30, kisha mtu mmoja peke yake kwenye 67. Mgawanyo wa namna hii tunasema umevutika kulia, kwa sababu mkia wake mrefu uko upande wa thamani kubwa. Hapa wanafunzi wengi hugeuza: huona rundo liko kushoto, wakaandika umevutika kushoto. Unapotaja upande, taja upande wa mkia.

Zingatia pia kwamba mistari ya 40 na 50 nimeiacha wazi bila kuifuta. Wapo wanaoiondoa ili kubana nafasi, na kwa kufanya hivyo wanaondoa habari muhimu kuliko zote katika mchoro huu, yaani pengo.

Namba zije sasa. Jumla ni 360, kwa hiyo wastani ni dakika 24. Mediani, yaani thamani ya 8 katika orodha iliyopangwa, ni dakika 20. Tofauti hiyo ya dakika nne ni matokeo ya umbo uliloliona: mkia mrefu unauvuta wastani upande wake, wakati mediani inahesabu nafasi tu, haijali yule wa mwisho yuko mbali kiasi gani. Mwanafunzi wa 67 angetumia dakika 670, mediani ingebaki 20. Hesabu walio chini ya wastani: ni 10 kati ya 15. Ukiandika tu "mwanafunzi wa kawaida alitumia dakika 24", msomaji wako ataelewa kwamba nusu walitumia zaidi na nusu walitumia pungufu, na sivyo. Kwa data hizi mediani ndiyo inayomsema mwanafunzi wa kawaida.

Hiyo haina maana kwamba wastani ni mbaya, na ningependa uachane kabisa na lile fundisho la mkato kwamba "mediani ni bora". Wastani unabeba jumla. Kama swali lilikuwa ni muda gani wote kwa pamoja watahitaji, ama ni saa ngapi za msimamizi zitumike kwa wanafunzi 100 wa aina hii, mediani haikusaidii. Unahitaji 24, zidisha. Chagua kwa kufuata swali unalojibu, na mgawanyo ukiwa umevutika, toa zote mbili na ueleze kwa nini zimeachana.

Mtawanyiko ndio sehemu ambayo majibu ya wanafunzi hukauka kabisa. Mtu huandika "mkengeuko sanifu = 13.8" na kuweka nukta. Hiyo 13.8 inasema nini? Inasema kwamba, kwa kipimo chake, umbali wa kawaida wa mwanafunzi mmoja kutoka kwenye wastani wa kundi ni kama dakika 14. Sasa rudi kwenye orodha uone kama ni kweli. Wanafunzi 12 kati ya 15 wako ndani ya dakika 10 kutoka 24, na mwingine yuko dakika 12 tu. Namba hiyo imetoka wapi basi? Imetoka kwa mtu mmoja. Mkengeuko sanifu hukokotolewa kwa kuchukua tofauti ya kila thamani na wastani, kuizidisha kwa yenyewe, kujumlisha zote, kugawanya kwa idadi ukitoa moja, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Katika data hizi jumla ya tofauti hizo zilizozidishwa kwa zenyewe ni 2648, na mwanafunzi wa 67 peke yake amechangia 1849, karibu asilimia 70. Mwondoe, na mkengeuko sanifu unashuka hadi 7.2. Mtu mmoja kati ya 15 ameufanya mtawanyiko wa kundi zima uonekane karibu mara mbili.

(Ile "ukitoa moja" huwa inawasumbua wengi. Tofauti zote kutoka kwenye wastani zikijumlishwa hutoa sifuri, kwa hiyo ukizijua 14, ya 15 imeshajulikana. Habari huru ni 14, ndiyo maana tunagawanya kwa 14. Kwa kozi ya kwanza hilo linatosha.)

Kwa mgawanyo uliovutika, tumia robo. Robo ya kwanza ni mediani ya nusu ya chini, hapa 15. Robo ya tatu ni mediani ya nusu ya juu, hapa 27. Umbali kati yake ni dakika 12, na maana yake inasemeka kwa maneno ya mtu yeyote: nusu ya katikati ya wanafunzi walimaliza kati ya dakika 15 na 27. Sentensi hiyo ina thamani kubwa kuliko "mkengeuko sanifu = 13.8", kwa sababu inaweza kuchorwa.

Utakuta programu moja inakupa robo hizi na nyingine inakupa namba tofauti kidogo. Usihangaike kutafuta kosa lako. Hakuna kanuni moja ya robo iliyokubaliwa na wote: mwaka 1996 Rob Hyndman na Yanan Fan waliorodhesha njia tisa zinazotumiwa na programu za takwimu. Data zikiwa nyingi tofauti hizo hupotea. Katika mtihani fuata njia iliyofundishwa darasani kwako, na ukiripoti kazi ya programu, itaje programu uliyoitumia.

Kanuni ya asilimia 68, 95 na 99.7 ambayo bila shaka mmefundishwa, inayosema kwamba asilimia hizo za data ziko ndani ya mkengeuko sanifu mmoja, miwili na mitatu kutoka kwenye wastani, nayo ina masharti yake. Inafaa kwa mgawanyo wenye kilele kimoja, uliolingana pande zote mbili, unaofanana na kengele. Jaribu kuitumia kwenye data zetu: 24 ukitoa mara mbili ya 13.8 ni chini ya sifuri. Hakuna anayemaliza zoezi kwa dakika hasi. Ukiona thamani isiyowezekana inajitokeza, ujue mgawanyo wako si wa kengele na kanuni haikuhusu. Kanuni inayofaa umbo lolote ni ya mwanahisabati Chebyshev, na yenyewe ina ahadi ndogo zaidi: angalau asilimia 75 ya data ziko ndani ya mikengeuko miwili kutoka kwenye wastani.

Yule wa 67 tumfanye nini? Kipimo cha kawaida, nacho ni cha Tukey, ni kuzidisha umbali wa robo kwa 1.5, hapa 18, na kuuongeza juu ya robo ya tatu: 27 na 18 ni 45. Katika mchoro wa kisanduku, ambao kisanduku chake huanzia robo ya kwanza na kuishia robo ya tatu, aliyevuka 45 anachorwa kwa nukta yake peke yake nje. Mkono wa kisanduku, yaani mstari unaotoka kwenye kisanduku kuelekea thamani kubwa, unaishia kwa thamani kubwa ya mwisho isiyovuka, yaani 38, wala haufiki kwenye 45. Hili la mkono nalisisitiza kwa sababu nalisahihisha kila muhula. Lakini kipimo hicho kinakuonyesha tu pa kuangalia. Hakikupi ruhusa ya kumfuta. Huenda namba iliandikwa vibaya, ilikuwa 27 ikawa 67. Huenda mwanafunzi alitoka nje katikati ya zoezi. Huenda ni mwanafunzi aliyehitaji msaada na hakuna aliyemuona. Kila sababu ina hatua yake. Kosa la uandishi lirekebishwe. Aliyetoka nje huenda asiwe sehemu ya unachokipima, na ukimwondoa sema umemwondoa na kwa nini. Yule aliyehitaji msaada abaki, maana huenda ndiye mwenye habari kubwa kuliko wote katika data hizo. Kama hujui sababu, toa matokeo mara mbili, akiwemo na asipokuwemo, msomaji aone mwenyewe.

Data zikiwa nyingi, shina na majani hushindwa, na hapo histogramu huchukua nafasi. Jina hilo tulipewa na Karl Pearson katika miaka ya 1890, sawa na jina la mkengeuko sanifu. Unagawa thamani katika vipande vyenye upana sawa, unahesabu walioangukia katika kila kipande, unachora. Pau zake zinagusana kwa sababu kipimo kinaendelea bila kukatika. Pau za makundi zinaachana kwa sababu hakuna kitu kati ya kundi na kundi. Uamuzi mgumu ni upana wa vipande, na programu itakuamulia usipoangalia. Data zetu 15 zikigawanywa kwa dakika kumi kumi kuanzia 10, zinatoa 7, 5, 2, 0, 0, 1, na pengo linaonekana. Zikigawanywa kwa dakika 30 kuanzia 0, zinatoa 12, 2, 1: pengo limetoweka na aliyejitenga amemezwa na umbo. Kwa hiyo jaribu upana mara mbili tatu. Umbo linalobaki ni la kuandikwa. Linalotokea mara moja na kupotea huenda limeletwa na vipande vyenyewe.

Nikupe mfano halisi ambao kila mwanafunzi wa takwimu angepaswa kuuchora angalau mara moja. Katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani kuna chemchemi ya maji moto iitwayo Old Faithful, inayorusha maji juu kila baada ya muda. Zipo data maarufu za mirusho 272, zinazokuja na programu ya takwimu iitwayo R, zikionyesha kila mrusho ulidumu dakika ngapi. Wastani ni dakika 3.49. Mediani ni 4. Robo ya kwanza ni kama 2.16 na ya tatu kama 4.45. Mtu akikupa namba hizo tu, utaamini mrusho wa kawaida hudumu dakika tatu na nusu hivi. Chora histogramu, na utaona vilele viwili: mirusho mifupi ya karibu dakika 2, na mirefu ya karibu dakika 4 na nusu. Katikati, pale pale kwenye dakika 3, karibu hakuna kitu. Wastani umeangukia penye upungufu wa mirusho.

Na sasa tazama kisanduku cha data hizo hizo. Ni kisanduku kizuri, kipana, hakina nukta hata moja nje, na hakionyeshi vilele viwili hata kidogo. Hakiwezi. Kisanduku kinajengwa kwa namba tano tu: ndogo kabisa, robo ya kwanza, mediani, robo ya tatu na kubwa kabisa, na hakuna yoyote kati yake inayojua kilichopo ndani ya nusu ya katikati. Ndiyo maana sipendi kuona kisanduku kikitumika peke yake kwa kundi moja. Nguvu yake iko kwenye kulinganisha: ukiwa na makundi matano, visanduku vitano kwenye mizani moja vinasomeka kwa mtazamo mmoja, wakati histogramu tano zinachosha macho. Vilele viwili mara nyingi vinakuambia kwamba umechanganya makundi mawili, na kazi yako inayofuata ni kuyatenganisha kabla ya kukokotoa chochote.

Kwa data za makundi sitakaa sana, maana huko makosa ni machache ingawa yanajirudia. Pau zianze kwenye sifuri. Ukilinganisha 48 na 50 kwenye mhimili unaoanzia 46, pau ya pili itakuwa ndefu mara mbili ya ya kwanza, na jicho linasoma urefu kabla ya kusoma tarakimu. Grafu ya mstari haina sharti hilo, kwa sababu yenyewe inasomwa kwa mwinuko. Chati ya duara imekuwepo tangu William Playfair alipoichora mwaka 1801, na inafaa unapotaka kuonyesha sehemu mbili au tatu za kitu kizima, ila William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba watu hukadiria vizuri zaidi nafasi kwenye mhimili mmoja kuliko pembe na maeneo. Makundi yakizidi manne, tumia pau. Na kama makundi unayolinganisha hayana ukubwa sawa, chora asilimia ukitaja ni asilimia ya nini. Watu 30 kati ya 60 na watu 30 kati ya 600 wakichorwa kwa idadi wataonekana sawasawa.

Vipimo viwili kwa kila mtu, mfano saa za kujisomea na alama za mtihani, vinataka mchoro wa nukta: kila mtu nukta moja, kipimo kimoja kwenye mhimili wa chini, kingine kwenye mhimili wa wima. Kuuelezea kuna mambo yake manne: mwelekeo (unapanda au unashuka), umbo (umenyooka au umepinda), nguvu (nukta zimebanana au zimetawanyika), na zilizojitenga. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Katika zote nne wastani wa kipimo cha kwanza ni 9, wa kipimo cha pili ni 7.5, uwiano (kipimo cha jinsi vipimo viwili vinavyokwenda pamoja) ni kama 0.82, na mstari bora unaopita kati ya nukta unaanzia 3 na kupanda kwa 0.5. Kwa namba huwezi kuzitofautisha. Ukizichora, ya kwanza ni wingu la kawaida linalopanda. Ya pili ni upinde safi. Ya tatu ni mstari ulionyooka kabisa wenye nukta moja iliyoruka. Ya nne ni nukta kumi zilizosimama wima mahali pamoja na moja mbali, ambayo peke yake ndiyo iliyotengeneza huo uwiano wote. Zitafute uzichore kwa mkono wako. Ni nukta 44 tu.

Mchoro nao hausemi kitu kuhusu data ambazo hukuziweka ndani yake. Chombo cha anga cha Marekani Challenger kiliteketea tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafa. Kilichofeli ni pete za mpira za kuziba maungio ya roketi ya pembeni, na asubuhi ile ilikuwa na baridi kali. Usiku uliotangulia wahandisi walikuwa na wasiwasi juu ya baridi, wakajadiliana kwa saa kadhaa. Lakini safari zilizotazamwa kwa uhusiano na joto zilikuwa zile ambazo pete zilionyesha tatizo. Hizo zilikuwa saba, nyingine za siku za baridi, nyingine za siku za joto, na kwa kuzitazama peke yake hakuna mwelekeo unaoonekana. Tume iliyochunguza ajali iliweka pia safari ambazo hazikuwa na tatizo, na picha ikabadilika: katika safari 20 zilizofanyika kwenye nyuzi 66 za Farenhaiti au zaidi, tatu tu zilikuwa na tatizo, safari zote nne zilizofanyika kwenye nyuzi 63 au chini zilikuwa nalo. Waliokosekana kwenye mchoro ndio waliokuwa na jibu. Kwa hiyo katika maelezo yako weka siku zote sentensi moja inayosema data ni za nani, ni wangapi, na kama wapo walioachwa nje.

Turudi kwenye karatasi yako. Jibu la nusu alama kwa data za dakika ni hili: "Wastani = 24, mediani = 20, mkengeuko sanifu = 13.8, data zimevutika kulia." Kila neno ni kweli. Jibu ambalo mimi ningelipa alama zote ni kama hivi:

"Muda ambao wanafunzi 15 walitumia kumaliza zoezi umevutika kulia, ukiwa na kilele kimoja kati ya dakika 10 na 20. Mwanafunzi wa katikati alitumia dakika 20, na nusu ya katikati walimaliza kati ya dakika 15 na 27. Mwanafunzi mmoja alitumia dakika 67, akiwa amejitenga mbali na anayemfuata, aliyetumia 38; kwa sababu yake wastani umefika dakika 24, juu ya muda wa wanafunzi 10 kati ya 15. Bila yeye wastani ungekuwa karibu dakika 21. Kabla ya kuamua kumwacha au kumwondoa, ni lazima kujua kwa nini alichukua muda huo."

Angalia yaliyomo: umbo, katikati, mtawanyiko na aliyejitenga, vyote vikiwa na kizio chake cha dakika na vikiongea kuhusu wanafunzi. Neno "data" halimo hata mara moja. Swali likiwa la kulinganisha makundi mawili, sentensi zako ziwe na maneno ya kulinganisha: "kundi la kwanza lilitumia muda mrefu zaidi kwa kawaida, lakini muda wao unatofautiana kidogo kuliko wa kundi la pili." Aya moja kwa kundi hili na aya nyingine kwa kundi lile, bila kuyaweka pamoja, hiyo bado si kulinganisha.

Kuhusu mkono au programu: data za chini ya 30 hivi zichore kwa mkono muhula huu wote. Kupanga majani kwenye shina kunakulazimisha kuigusa kila thamani, na hapo ndipo utakapoona ile 67 kabla hujaambiwa na mtu. Zikizidi hapo tumia programu, ila upana wa vipande vya histogramu uuchague mwenyewe, na mihimili yote miwili uipe majina na vizio. Kisha nitumie maelezo utakayoyaandika ya zile data za Old Faithful, aya moja tu, nami nitakuandikia pembeni.